Mchele, Mayi na Yaya: Msafiri wa Lubumbashi katika Meza ya Kiswahili cha Pwani

1. Utangulizi

Mji wa Lubumbashi uko mbali na bahari, lakini sehemu kubwa ya bidhaa zinazouzwa katika masoko yake hupitia bandari ya Dar es Salaam. Wafanyabiashara wa mji huu huzifuata bidhaa hizo wenyewe. Hupita mpaka wa Kasumbalesa, huvuka nchi ya Zambia, kisha huingia Tanzania kwa njia ya Tunduma. Katika safari hiyo ndefu msafiri hutarajia shida ya lugha akiwa Zambia. Afikapo Tanzania hupumua, kwa kuwa Kiswahili ndicho alichokulia nyumbani, sokoni na kanisani. Ajabu ni kwamba mara nyingi ni hapo hapo anapokwama, na hukwama katika jambo dogo kuliko yote, yaani kuagiza chakula.

Makala haya yanakusudia kueleza asili ya mkanganyo huo. Hoja inayotetewa ni kwamba maneno yanayompotosha msafiri si yale asiyoyajua. Neno geni humfanya mtu aulize, na akiuliza hujibiwa. Yanayompotosha ni maneno anayoyajua vizuri, ambayo mhudumu wake pia anayajua vizuri, lakini kila mmoja anayajua kwa namna yake. Mifano imetolewa katika Kiswahili kizungumzwacho Lubumbashi kwa upande mmoja, na Kiswahili Sanifu pamoja na mazungumzo ya kawaida ya Tanzania na Kenya kwa upande wa pili. Msafiri anayetajwa humu ni wa kielelezo tu.

2. Chimbuko la tofauti

Lahaja mbili haziwezi kulinganishwa kwa haki bila kukumbuka historia zake. Kiswahili Sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja, lahaja ya mji wa Zanzibar. Lahaja hiyo ilichaguliwa mwaka 1928, na kazi ya kuisanifisha ikakabidhiwa Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930. Ni lugha iliyotoka katika jamii ya pwani yenye minazi, samaki na mashamba ya mpunga.

Kiswahili cha Lubumbashi kina njia nyingine. Ni kweli kwamba Kiswahili kilijulikana Katanga tangu zama za misafara, hasa katika dola ya Msiri, aliyetoka upande wa Unyamwezi na kuuawa Bunkeya mwaka 1891. Hata hivyo, Johannes Fabian, katika kitabu chake cha mwaka 1986 kuhusu lugha na mamlaka ya kikoloni, ameonyesha kwamba Kiswahili cha miji ya migodi hakikuwa urithi wa moja kwa moja wa misafara. Kilikuzwa na mfumo wa kazi. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Mji wenyewe, ulioitwa Élisabethville wakati huo, ulianzishwa mwaka 1910, mwaka ule ule reli ilipofika kutoka Rhodesia. Wafanyakazi wa awali walitoka kwa wingi Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni iliwaandikisha zaidi watu wa Kasai, Lomami na Ruanda-Urundi, na kuwaruhusu kuishi kambini pamoja na wake na watoto wao. Hivyo Kibemba, Kiluba cha Katanga na Kiluba cha Kasai vilikutana na Kiswahili katika nyumba za kambi, huku Kifaransa kikitawala ofisini na shuleni.

Chakula cha kambi kilikuwa posho, yaani mgawo uliotolewa na mwajiri, na ndani ya mgawo huo unga ulishika nafasi ya kwanza. Safari ya neno hili moja yatosha kuonya. Lubumbashi, posho hukumbusha mgawo wa kambini. Tanzania, mtumishi wa serikali akitaja posho ana maana ya fedha anazolipwa nje ya mshahara, kwa mfano anapohudhuria semina. Uganda, posho ni chakula chenyewe, kile ambacho Mtanzania hukiita ugali. Watu watatu wanaweza kulitumia neno hilo katika kikao kimoja, na kila mmoja akadhani ameelewa.

3. Majina tofauti ya kitu kimoja

Kundi la kwanza la tofauti ndilo linaloonekana upesi, na kwa sababu hiyo ndilo lenye madhara kidogo. Kitu ni kimoja, majina ni mbalimbali. Lubumbashi watu hula bukari. Chakula hicho hicho ni nshima Zambia, ugali Tanzania na bara la Kenya, sima katika pwani ya Kenya, na fufu kwa watu wa Kinshasa. Majani ya muhogo huitwa sombe Lubumbashi, pondu Kinshasa na kisamvu Tanzania. Mchicha wa Dar es Salaam ni lengalenga ya Lubumbashi. Nyama ya mbuzi iliyochomwa juu ya makaa, ambayo Mkenya na Mtanzania huiita nyama choma, mtu wa Lubumbashi huiita michopo.

Msafiri akiagiza sombe mbele ya mama ntilie wa Kariakoo, mama huyo atauliza, "Sombe ndiyo nini?" Msafiri atajibu kwamba ni majani ya muhogo yaliyotwangwa, na mambo yatakwisha. Jambo pekee litakalobaki ni ladha. Kisamvu cha Tanzania mara nyingi huungwa kwa nazi au karanga, ilhali sombe ya Lubumbashi huzoea mawese. Lugha imefanya kazi yake, na kilichobaki ni cha mpishi.

Pamoja na majina haya kuna tofauti za maumbo zinazofuata kanuni. Pale Kiswahili Sanifu kinapokuwa na silabi ya m- peke yake mbele ya konsonanti, Kiswahili cha Lubumbashi huweka mu-: mkate ni mukate, mgeni ni mugeni. Ngeli ya vi- huwa bi-, na unga huwa bunga. Sauti dh hutamkwa z, hivyo fedha ni feza. Kwa wasemaji wengi, hasa wenye asili ya Kiluba, sauti s na z hubadilika zinapotangulia irabu i, na ndizi husikika ndiji. Msikilizaji wa Tanzania huzizoea kanuni hizi baada ya muda mfupi, kwa sababu hazibadiliki ovyo. Kwa hakika, ukawaida huu ndio ushahidi kwamba haya si makosa ya mtu aliyeshindwa kujifunza. Ni sarufi. Edgar Polomé, aliyefundisha katika chuo kikuu cha mji huu, aliyachunguza maumbo haya katika makala yake ya mwaka 1968, na kuyaeleza kama mfumo wenye taratibu zake.

4. Neno moja, maana mbili

Kundi la pili ndilo kiini cha makala haya. Hapa hakuna anayeuliza, kwa sababu hakuna anayehisi kwamba kuna la kuuliza.

4.1 Mchele

Msafiri anaagiza "muchele na samaki". Mhudumu wa pwani anasikia mchele, na huenda akacheka au akamwelekeza dukani. Kwake yeye nafaka hiyo ina majina matatu kwa hatua zake tatu. Mpunga ni mmea na punje zilizo bado ndani ya maganda. Mchele ni punje zilizokobolewa lakini hazijapikwa. Wali ni chakula kilicho tayari sahanini. Anayetaka kula mchele, kwa hiyo, anataka kutafuna punje mbichi. Katika matumizi ya kawaida ya Lubumbashi neno muchele latosha dukani na mezani pia. Hali ni hiyo hiyo kwa wasemaji wengi wa bara la Kenya, ambao nao huchekwa Mombasa kwa sababu hii hii.

Yafaa isidhaniwe kwamba Kiswahili cha Lubumbashi kimeshindwa kutofautisha hatua za chakula. Katika nafaka iliyo chakula chake kikuu kinazitenga hatua hizo barabara: mahindi yako shambani, bunga iko gunia kwa gunia sokoni, bukari iko mezani. Hakuna mtu wa Lubumbashi atakayesema kwamba amekula bunga. Jamii iliyolima, ikakoboa na kupika mpunga kwa karne nyingi ilihitaji majina matatu. Jamii iliyolishwa mahindi na muhogo, na kuujua mchele zaidi kama kitu cha kununuliwa, iliona jina moja lawatosha.

4.2 Mayi

Katika Kiswahili cha Lubumbashi mayi ni maji. Msikilizaji wa Tanzania, akiwa mgahawani ambapo chipsi mayai ni chakula cha kila siku, husikia mayai. Ni vema kutazama ni lini neno linalofuata humwokoa msafiri na ni lini humwangusha. Akisema "mayi ya baridi" ataokoka, kwani si kawaida kuagiza mayai ya baridi. Akisema "mayi ya kunywa" ataokoka kabisa. Lakini akiomba "mayi ya kuchemsha", labda kwa sababu anaogopa kuugua tumbo ugenini, atakuwa ametamka agizo kamili na sahihi la mayai. Mhudumu hana sababu ya kusita. Sahani italetwa, na msafiri atadhani anafanyiwa mzaha.

Walio wepesi wa kuhukumu husema kwamba mayi ni maji yaliyoharibiwa. Ushahidi wa lugha unawapinga. Kiluba cha Kasai husema mâyi, Kilingala mai. Aidha, Kiamu, lahaja ya kale ya pwani yenyewe, husema mai kwa maana ya maji, kwa kuwa pale Kiunguja kinapokuwa na j lahaja hiyo mara nyingi ina y au haina konsonanti. Kama mayi ni uharibifu, basi washairi wa Lamu nao waliharibu lugha. Hakuna mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili atakayekubali hukumu hiyo.

4.3 Vinywaji na mahali pa kula

Neno la Kifaransa sucré limekuwa nchini Kongo jina la vinywaji baridi vyote vyenye sukari. Mtu wa Lubumbashi akiomba sukre ana maana ya kile ambacho Mtanzania hukiita soda. Mhudumu wa Dar es Salaam atasikia sukari, na hakika atamletea sukari.

Bia nazo zina mtego wake. Simba na Tembo ni majina ya bia za Lubumbashi. Msafiri akiomba Simba Dar es Salaam atakuwa ametaja klabu ya mpira, na kwa sauti yake huenda akaonekana kama shabiki. Neno tembo lina utata zaidi, kwa sababu katika Kiswahili Sanifu, mbali na kuwa jina la mnyama, ni pombe inayogemwa katika mnazi. Anayeagiza Tembo kwa mzee wa pwani anaweza kupata kinywaji kweli, lakini kisicho chake. Mtanzania naye asijione salama: akiagiza "Safari mbili" katika baa ya Lubumbashi ataulizwa anakokwenda.

Hata jina la mahali lina kazi ya kumpoteza mtu. Kwa Mkongo, aliyezoea Kifaransa, hoteli ni mahali pa kulala. Katika miji mingi ya Tanzania na Kenya kibanda chenye benchi mbili na sufuria tatu huitwa hoteli, na mahali pa kulala ni gesti. Msafiri aliyechoka anaweza kuingia hoteli kutafuta kitanda akapewa maharage.

5. Adabu ya kuagiza

Mikanganyo iliyotajwa hadi hapa humalizika kwa kicheko. Ile ya adabu huacha kinyongo, kwa sababu mtu aliyekosewa heshima hafikirii isimu. Anafikiri tabia.

Mfano ulio wazi ni yaya. Lubumbashi, kama ilivyo katika Kilingala, yaya ni ndugu mkubwa, wa kike au wa kiume. Kumwita muuzaji yaya ni kumpandisha, ni kumwambia: wewe ni mkubwa wangu, nihurumie. Katika Kiswahili Sanifu yaya ni mtumishi anayelea watoto wa mwajiri. Umbo ni moja, maneno ni mawili yasiyo na uhusiano. Mama ntilie anayeitwa yaya na kijana mwenye lafudhi ngeni anasikia kwamba amefanywa mtumishi wa nyumbani mbele ya wateja wake. Kijana anaona uso umekunjwa na hajui kwa nini. Pengine anarudia neno lile lile kwa upole zaidi, na kuzidisha kosa.

Mfano wa pili ni kiambishi ka-. Katanga, ka- na wingi wake tu- hudunisha umbo la kitu, lakini vilevile hulainisha ombi. Asemaye "unipe kanyama" si lazima awe anataka kipande kidogo. Huenda anapunguza uzito wa kudai. Kiswahili Sanifu hudunisha kwa ki-, na katika sikio la wengi wa pwani ka- ina harufu ya dharau. Mpishi aweza kudhani nyama yake imedharauliwa, au akatii maana ya dhahiri na kumkatia mteja kipande cha paka.

Mfano wa tatu unatoka upande wa pili. Mtanzania mwenye adabu huagiza kwa kusema "naomba": naomba chai, naomba maji. Kitenzi hicho Lubumbashi ni kulomba, nacho huelekea zaidi kwa Mungu katika sala, au kwa mtu anayetaka kupewa bure. Mtu wa Lubumbashi mwenye fedha mfukoni haoni sababu ya kuomba kitu atakacholipia. Husema "unipatie" au "uniletee", na katika lahaja yake hakuna ukali wowote hapo. Mhudumu aliyezoea naomba kutwa nzima husikia amri. Hivyo Mkongo huonekana jeuri, naye humwona Mtanzania kama mtu anayejinyenyekeza pasipo haja. Wote wawili wamefuata malezi yao.

Neno chai pia lihesabiwe hapa. Mwenyeji wa Tanzania au Kenya akisema "hujanywa chai?" asubuhi, anauliza kuhusu kifungua kinywa chote. Afisa akitaja chai mezani kwake, huenda anadokeza rushwa. Mkongo anaijua rushwa kwa jina la matabishi, au la madesu ya bana, maharage ya watoto, kwa Kilingala. Katika nchi zote hizi rushwa imevishwa nguo za chakula, lakini kila nchi imechagua sahani yake, na mgeni asiyeijua sahani hiyo anaweza kujibu kwa unyofu kwamba chai amekwisha kunywa.

6. Linalofuata baada ya kucheka

Ingefaa kuishia katika kicheko kama madhara yangekuwa sahani iliyoletwa kwa makosa. Sivyo. Mtu anayechekwa mara tatu kwa siku kwa ajili ya lugha aliyonyonya kwa mama yake hufanya moja kati ya mambo mawili: hunyamaza na kuonyesha kwa kidole, au hukimbilia Kifaransa. Kwa vyovyote vile, mwenyeji wake huhitimisha kwamba Wakongo hawajui Kiswahili. Mfanyabiashara aliyekwisha kuaminishwa hivyo ataingia katika mazungumzo ya bei na mikataba akiwa na mkalimani asiyemhitaji, anayemlipa, na ambaye hawezi kumsahihisha.

Lubumbashi yenyewe imechangia hali hii. Kwa muda mrefu shule na makanisa yametenga kile kiitwacho Kiswahili bora, cha vitabu na mahubiri, na Kiswahili cha nyumbani kikaachwa bila jina la heshima. Mwanafunzi husahihishwa kwa wino mwekundu pale aandikapo mayi, na haelezwi kwamba mai ipo Lamu. Huambiwa kwamba muchele ni kosa, na haelezwi tofauti ya mpunga, mchele na wali. Matokeo yake ni mtu mwenye aibu ya lahaja moja na woga wa nyingine. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na safari kati ya Lubumbashi na Dar es Salaam hazitapungua. Swali la namna ya kufundisha si la nadharia tu.

Mambo matatu yanaweza kufanywa darasani bila gharama. Kwanza, maneno ya pamoja yenye maana tofauti yapewe nafasi kuliko maneno mageni. Orodha fupi ya mchele, mayi, yaya, sukre, hoteli na chai humfaa msafiri kuliko mamia ya majina ya mimea. Pili, mwanafunzi afundishwe kueleza kitu kwa kazi yake au kwa hatua yake, badala ya kurudia jina kwa sauti kubwa zaidi: maji ya kunywa, mchele uliopikwa, mahali pa kulala. Kitenzi mara nyingi huvuka mpaka pale nomino inapozuiwa. Tatu, usahihishaji ubadilike. Mwalimu asiandike "kosa" pale ambapo ukweli ni "Lubumbashi husema hivi, Unguja husema vile". Kujua yote mawili ni elimu zaidi ya kujua moja.

Wajibu huu hauwaangukii Wakongo peke yao. Idara za Kiswahili za Tanzania na Kenya hufundisha lahaja za Kiamu, Kimvita na Kimakunduchi kama hazina. Kiswahili cha Kongo, chenye mamilioni ya wasemaji, chastahili kuingizwa katika somo hilo hilo kwa heshima hiyo hiyo.

7. Hitimisho

Imeelezwa kwamba mikanganyo ya mezani kati ya msafiri wa Lubumbashi na mwenyeji wake wa Afrika Mashariki ina ngazi tatu. Ngazi ya majina tofauti hutatuliwa kwa kuuliza. Ngazi ya maneno ya pamoja yenye mipaka tofauti ya maana hupita bila kutambuliwa, na ndiyo inayohitaji mafunzo. Ngazi ya adabu huonekana kuwa ubaya wa tabia, na ndiyo inayohitaji uvumilivu. Katika ngazi zote tatu, kila upande unafuata kanuni zilizojengwa na historia yake: huku mashamba ya mpunga na lahaja ya Unguja, huku kambi za migodi na posho ya unga. Mhudumu akielewa hilo atauliza mara ya pili kabla ya kuchemsha mayai. Msafiri naye atasema tena, kwa Kiswahili chake, kwamba anataka ya kunywa.